Ukimya wa Stoo

Mama yetu haoni. Kisukari kilianza na jicho la kushoto, kikamalizia na la kulia, na tangu hapo dunia yote anaijua kwa masikio. Mlio wa kandambili unamwambia nani kaingia. Nikiwa nimekasirika anajua kabla sijafungua mdomo, kwa namna ninavyotua sufuria. Basi nikiwaambia kwamba mtu aliyeisubiri kwa hamu filamu ya mdogo wangu kuliko watu wote ni kipofu, msinicheke. Hasira ninazo za kutosha, sitaki za nyongeza.

"Lini?" Ndiyo ilikuwa salamu yake. Nikimpelekea chai, "Lini?" Nikimkanda miguu, "Lini?"

"Karibu, Mama. Profesa anamalizia."

"Huyo kumalizia kwake kama nywele zangu, ukizivuta zinarudi."

Profesa ni mdogo wangu wa kiume, fundi simu. Chuo kikuu alikiona akipita nje ya geti. Jina hilo tulimpa kwa sababu ya tamthilia moja ya kigeni ya mambo ya angani, Wahamaji wa Jua la Pili, ambayo aliijua kama wenzake walivyojua majina ya wachezaji mpira. Ukimwuliza bei ya sukari hajui. Ukimwuliza chombo fulani cha angani kina injini za aina gani, hapo utajuta kuuliza. Mwisho kuangalia hakukumtosha, akataka kutengeneza hadithi yake mwenyewe ndani ya ulimwengu ule ule. Si ya kuuza. Ya mapenzi tu. Nilimwuliza, "Unatengeneza filamu ya watu bila kuwauliza wenyewe?" Akanijibu, "Dada, mashabiki dunia nzima wanafanya hivyo, na wenyewe wanafurahi." Sikio la kufa hilo.

Filamu Profesa na wenzake waliipigia kwangu. Mimi ni fundi cherehani, na nyuma ya duka langu kuna stoo ninayoweka majora ya vitambaa. Alikuja na tepu, akapima kuta, akasema, "Dada, hiki ndicho chumba cha marubani."

"Hicho ni chumba cha panya," nikamwambia. Akacheka, akaanza kuhamisha majora yangu.

Vitufe vya chombo walivitoa kwenye rimoti mbovu na redio zilizokufa. Helmeti walitengeneza kwa ndoo za rangi, mbele wakapachika kioo cheusi cha miwani ya wachomeleaji. Nguo nikashona mimi, kwa ngozi bandia ya viti vya gari, cherehani ikilalamika na sindano zikikatika. Suti ya kwanza Profesa aliirudisha. Eti mishono ya Wazoru haiendi wima, inakwenda kwa pembe. Nilimtukana mpaka majirani wakachungulia, halafu nikafumua nikashona kwa pembe.

Wazoru ni watu wa hadithini, wa sayari ambako uso ni siri. Mzoru hawezi kuvua helmeti mbele ya mtu, na hasemi lugha nyingine ila Kizoru. Huyo ndiye alikuwa nyota wa filamu yetu, rubani wa Kizoru aliyebaki peke yake chomboni. Na aliyemcheza alikuwa Kitinda.

Kitinda ni mdogo wetu wa mwisho. Nasema ni. Bado ulimi wangu haujakubali alikuwa. Aliuza kwenye duka la dawa, msichana wa maneno matamu, mteja alikuja na kichwa kinauma akaondoka anacheka. Kisha figo zikagoma. Uso ukavimba, ngozi ikageuka rangi, na yeye aliyependa kioo akakigeuza kikatazama ukuta. Picha hakutaka tena. "Msinipige na uso huu," alisema. "Mkitaka kunikumbuka, kumbukeni ule wa zamani." Profesa alipomletea habari za mtu asiyeonyesha uso kwa yeyote, alipiga makofi kama mtoto. Aliikubali kazi ile kabla kaka yake hajamaliza kueleza.

Kizoru alijifunza hospitalini. Wenye tamthilia wametoa kamusi yake, kitabu kizima chenye jalada gumu, na Kitinda alikuwa akilala pale damu inazungushwa mashineni, kamusi kifuani, midomo inacheza. Wauguzi walidhani anasali. Nilikuwa nikimwambia, "Lugha ya watu wasiokuwepo utaongea na nani?" Naye ananijibu kwa Kizoru, halafu anakataa kunitafsiria. Mpaka leo sijui alikuwa ananitukana au ananipenda. Namjua, yote mawili.

Sasa nisikilizeni vizuri habari ya kazi yenyewe, maana janga letu limetoka humo. Profesa alikuwa na kamera moja ya kuazima na diski moja ya kuhifadhia picha. Diski ilijaa upesi. Kwa hiyo kila jioni kabla hatujafunga duka alikaa akachagua kipande kilichokwenda sawa, na vyote vilivyoharibika akavifuta. Mtu kacheka, futa. Mtu kasahau neno, futa. Kitinda siku moja alikwama katikati, akasema kwa Kiswahili chake safi, "Jamani nimesahau, na humu ndani kuna joto la kuivisha mkate!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Futa. Mzoru hasemi Kiswahili, na Profesa alitaka filamu ambayo hata wenyewe wakiiona wasikute doa.

Na alikuwepo Masikio, fundi redio, mshika kinasa sauti. Huyu alikuwa na desturi iliyoniudhi kuliko zote. Siku walipoanza, kabla ya kurekodi chochote, aliinua mkono akasema, "Nataka ukimya wa chumba."

"Ukimya nao unarekodiwa?"

"Unarekodiwa, Dada. Kila chumba kina ukimya wake. Bila huo, maneno yanakuwa kama yamesemwa ndani ya chupa. Simameni kila mtu alipo, msisogee, msiseme."

Mimi! Mimi ambaye hata kanisani naongea na jirani. Tukasimama. Profesa nyuma ya kamera, Masikio na vipokea sauti vyake kichwani, Kitinda ndani ya helmeti, kioo kimefungwa, kwa sababu sheria ya Profesa ni kwamba ukishaivaa umeshakuwa Mzoru. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake na pini mdomoni, nabana pindo, na nilikuwa na mafua mabaya. Feni langu bovu likisaga juu. Nikavumilia, nikavumilia, pua ikanishinda. Nikavuta kamasi, fyuu. Kidogo tena, fyuu.

Masikio alipozima mashine ndipo tukasikia mtu anatetemeka kwa kicheko ndani ya ndoo. "Dada na pua lake!" Kitinda akasema alipoivua. Kana kwamba lake ni jingine! Sisi wawili tumerithi pua moja ya marehemu baba, na mvuto wetu wa kamasi ni mmoja, utotoni Mama alikuwa akisikia fyuu chumbani anauliza, "Nani kati yenu ana mafua?" Nilimwambia Masikio arudie. Akasema haidhuru, ataruka pale penye pua, ukimya uliobaki unatosha filamu nzima. Na chumba kilikuwa kile kile siku zote, hakurekodi mwingine.

Walimaliza kupiga sehemu ya mwisho, na haukupita muda Kitinda akalazwa. Hakutoka. Sitaki kuyasema ya hospitali. Alikwenda mchana, jua kali, mimi nimetoka kumnunulia juisi ya embe.

Baada ya mazishi Profesa hakuweza kuigusa ile diski. Akiiunganisha na kompyuta, sauti ikianza, anazima, anatoka nje. Na Mama ndiyo akaanza na "lini" yake. Siku moja nilikuwa namchana nywele, akanishika mkono.

"Mkubwa," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "sauti ya mwenzako inanitoka."

"Inakutoka vipi, Mama?"

"Nyinyi mna sura mnayoikumbuka. Mimi sina sura. Mimi nina sauti tu, na ninaishika asubuhi, ikifika jioni imeshateleza. Jana nilimwita akilini akaitikia kwa sauti yako wewe. Nikaogopa."

Nilichana nywele zilizokwisha chanika. Sauti hatukuwa nayo mahali pengine. Simu ya Kitinda ilifungwa kwa namba ya siri aliyokwenda nayo, na Profesa kwa ufundi wake wote alipojaribu kuifungua ikajifuta yenyewe. Simu ya Mama ni ya vitufe, ya kupiga na kupokea. Mimi na Kitinda tulikuwa tunaonana kila siku, ya kutumiana sauti ya nini? Ilibaki filamu. Nikamwambia Profesa amsikilizishe Mama hata kipande. Mama mwenyewe akakataa. "Sitaki kuonja. Nipakulieni sahani nzima, ukumbini, na majirani wakiwepo. Arusi hatukumfanyia. Basi iwe hiyo." Alikwisha chagua na gauni.

Profesa akajikaza akamaliza. Ukumbi wa shule tukapewa. Na hapo ndipo mdogo wangu akafanya jambo ambalo ni shabiki tu anaweza kulifanya. Mwizi asingelifanya, wala mjinga wa kawaida. Aliwaandikia wenyewe. Kampuni yenye tamthilia, huko iliko. Aliwatumia dakika chache za filamu, picha na muziki tu, pamoja na maneno ya mapenzi, kwamba wao ndio waliomlea, kwamba dada yake amekufa akiwa Mzoru, na kwamba angefurahi kama wangempa baraka zao.

Walimpa. Zilikuja kupitia wakili wao wa hapa mjini: asimamishe kila kitu, asionyeshe popote, akabidhi vyote vyenye kazi ya kampuni. Na Profesa, badala ya kuja kwangu tukae tufikiri, alichukua diski, ile moja, isiyo na nakala, akaipeleka ofisini kwa wakili mwenyewe kwa mikono yake, amevaa fulana yenye nembo ya tamthilia kifuani.

"Kwa nini?" nilimwuliza. Nilimwuliza nikiwa nimeshika mkasi, mteja wangu akatoka bila kuaga.

"Nilijua wakiiona yote wataipenda. Dada, hawajaiona yote. Wangeiona wasingekataa."

Ningemzaba kofi. Lakini alikuwa analia tayari, na mtu anayelia humpigi, unamkalisha. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao ndio sisi.

Tulikwenda wote wawili. Ofisi iko juu ya duka la samani, ngazi zinanuka vanishi. Wakili alikuwa mwanamke wa rika langu, nywele fupi, miwani kwenye kamba, na sauti ya upole iliyoniudhi zaidi kuliko angefoka. Alitukaribisha viti, akaagiza maji.

"Dada zangu na kaka zangu wengi hawajui," akaanza, "kwamba hadithi ni mali, kama shamba."

"Sisi hatukuvuna shamba la mtu," nikamkatiza. "Tuliimba tu tukipita kando."

"Mliingia ndani, mkajenga."

Hapo alinipata, nikanywa maji.

Akatueleza. Kampuni ina kanuni zake kwa mashabiki. Filamu yao isizidi urefu fulani, na ya kwetu ilizidi mara nyingi. Isiwe na mhusika wao. Na mavazi, sikieni hili, mavazi yawe yale yanayouzwa na kampuni yenyewe. Ya kushona hayaruhusiwi.

"Yaani," nikasema, "suti niliyoshona kwa mikono yangu, kwa pembe kama wanavyotaka wao, ndiyo haramu? Na ya dukani kwao, iliyoshonwa ovyo, ndiyo halali?"

"Ndivyo ilivyo."

"Khaa! Basi mwisho watatuuzia na pumzi."

Profesa akaniminya mguu chini ya meza. Mimi nikautoa mguu. Nikamwambia wakili ukweli wote, kuhusu Mama, macho, sauti inayoteleza. Nikamwambia hatutaki ukumbi tena, hatutaki watu, hatutaki sifa. Tunaomba mama mmoja, kipofu, aletwe hapa hapa ofisini, akae kwenye kiti hiki, asikie mara moja, kisha wafute. Nilisema kwa adabu ambayo sijawahi kuitumia hata posani.

Wakili akavua miwani. "Nitawauliza," akasema. "Nawaahidi nitawauliza kama vile ni mama yangu." Na nilimwamini, na bado namwamini.

Zile siku za kusubiri sizitaki tena maishani. Mama akasikia kwenye nyayo zangu kwamba kuna jambo. Nikamdanganya kuhusu umeme wa ukumbini, nikamdanganya kuhusu mwalimu mkuu. Uongo wangu ulikuwa mwingi na mbaya. Akakunja gauni lake akaliweka chini ya mto.

Jibu lilipokuja, wakili alituita, na nilipomwona tu hajaagiza maji nikajua. "Wamekataa," akasema. "Wanasema wakiruhusu hata mtu mmoja, basi wameruhusu, na kesho mwingine atakuja na ruhusa hiyo mkononi. Samahani sana." Kisha akainama mbele. "Lakini nimewabana kwenye jambo moja, wamekubali. Kitakachofutwa ni kilicho chao tu. Kisicho chao mtarudishiwa. Leo, sasa hivi. Fundi yuko chumba cha pili na diski yenu."

Nilisimama kabla hajamaliza. Kumbe kuna Mungu, nikawaza. Chukueni ndoo zenu, chukueni chombo chenu cha rimoti, niachieni sauti ya mtoto.

Fundi wa kompyuta alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye rundo la mafaili mbele yake na uchovu machoni. Tukakaa nyuma yake. Akafungua kipande cha kwanza. Chumba cha marubani, stoo yangu hiyo, lakini kwa taa za Profesa nisingeitambua. "Muundo wa chombo ni wao," akasema wakili taratibu. Fundi akabonyeza. Kikaondoka. Kipande cha pili, Kitinda kasimama dirishani, mgongo kwetu, mishono yangu ya pembe inang'aa. Vazi la kwao. Kikaondoka. Cha tatu muziki. Cha nne nembo ukutani. Vinaondoka tu, na mimi moyoni nasema hayo ni macho, Mama hana haja na macho, nendeni nayo, mimi nasubiri sauti.

"Sauti ziko peke yake humu," fundi akasema, akafungua. Na hapo chumba kizima kikajaa Kitinda.

Alikuwa anasema Kizoru. Sentensi ndefu, laini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Profesa akaziba uso. Mimi nilishika ukingo wa meza, na sioni aibu kusema nilisema kwa nguvu, "Huyo, huyo, huyo hapo!"

Wakili hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama meza.

"Dada yangu," akasema, "lugha hiyo ni ya kwao. Kamusi yake ina haki. Na maneno hayo ni ya mhusika wao."

"Lugha ina mwenyewe?"

"Hiyo inaye."

"Maneno yao wachukue! Mimi nataka koo! Koo ni la mama yangu, lilitoka tumboni mwake!"

"Hayatenganishiki," akasema fundi, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Samahani, dada yangu."

Nikamgeukia Profesa. Nikamshika fulana. "Ile siku aliposahau. Ile ya joto la kuivisha mkate. Kile ni Kiswahili, si cha mtu. Kiko wapi?"

"Nilifuta."

"Vile vicheko."

"Nilifuta, Dada."

"Alipokohoa, alipoomba maji, alipokuita Profesa mbele ya kinasa sauti!"

"Vyote nilifuta," akasema. "Vilikuwa na makosa."

Nilimwachia. Si kwa huruma. Nilielewa sasa kwamba mdogo wangu alikuwa amekaa jioni baada ya jioni akiokota kila kilichokuwa chetu na kukitupa, na kuhifadhi vizuri kila kilichokuwa chao. Fundi akabonyeza. Kitinda akakatika katikati ya neno. Sijui hata lilikuwa neno gani.

Walipomaliza, diski ile iliyokuwa ikijaa kila siku ilikuwa na faili moja. Wakili akauliza ni nini. Profesa akatazama jina lake.

"Ukimya wa chumba," akasema.

Fundi akaisikiliza yote kwa vipokea sauti, maana ndiyo kazi yake. "Hakuna kitu. Feni. Mtu ana mafua." Wakili akatafuta kwenye maelekezo yake, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Ukimya haukuwemo. "Huo ni wenu," akasema, na nilimwona anafuta jicho kwa kamba ya miwani. Tukapewa ndani ya flashi ndogo, tukasaini kwamba tumepokea mali yetu.

Nyumbani Mama alikuwa amekaa kitandani. Alisikia nyayo zetu mlangoni, za watu wawili, zinaburuta. Sikuwa na uongo uliobaki. Nilimweleza yote, Profesa kasimama ukutani. Mama hakulia. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, akauliza swali moja tu.

"Hata kidogo?"

"Kuna ukimya, Mama. Walirekodi chumba kabla ya kuanza. Hakuna aliyesema."

"Yeye alikuwepo?"

"Alikuwepo. Kasimama mbele yangu."

Hilo si uongo. Alikuwepo, ndani ya ndoo, kioo kimefungwa, pumzi haitoki.

"Basi niwekee."

Profesa akaunganisha flashi na redio ya mezani, akatoka nje, hakuweza. Nikakaa kando ya Mama. Ukimya ukaanza. Huwezi kuamini jinsi Masikio alivyosema kweli, ilikuwa stoo yangu kabisa, na Mama akaijua papo hapo. "Hilo feni lako," akanong'ona. "Nilikwambia ulitie mafuta." Akasikiliza. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, mwepesi. Nikajua kinachokuja, nikataka kuzima, sikuwahi.

Fyuu.

Mkono wa Mama ukanibana.

Fyuu.

"Ndiye," akasema. Uso wake ulifunguka, jamani, ule uso uliofungika tangu mazishi. "Ndiye mwanangu. Pua la baba yake! Umemsikia? Alikuwa na mafua siku hiyo, na mkamsimamisha tu, watu wabaya nyinyi. Umemsikia, Mkubwa?"

Mimi ambaye sijawahi kufumba mdomo wangu mbele ya mtu yeyote, mimi niliyemfokea wakili ofisini kwake, nilitafuta ulimi. Neno lilikuwa moja. Ni mimi, Mama. Ningelisema, ningemnyang'anya Kitinda mara ya pili, na safari hii si kampuni, ni mimi.

"Nimemsikia, Mama."

"Rudisha."

Nikarudisha. Feni. Kimya. Fyuu. Akacheka, halafu machozi yakamtoka, na ya kwangu yakatoka, yakateremka na pua ikafunguka, ikajaa, ikaanza kuchuruzika mpaka mdomoni. Na sikuweza kuivuta. Masikio yale ya Mama yalikuwa hapo, kiganja kimoja kutoka kwangu, na yangejua. Nikatoa kitambaa sikukitumia kwa kuogopa mlio wake. Nikaacha kamasi zimwagike kifuani, nimebana pumzi, napumua kwa mdomo polepole kama mwizi.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza.

"Nasikiliza."

"Haya. Rudisha tena."

Nikarudisha.